Maswali na majibu: manabii, wanamuziki na wapiga ramli

Barua zimerundikana, na nyingi zinauliza jambo lile lile kwa majina tofauti: msanii fulani aliimba hiki na kikatokea, je, si nabii? Nimechagua zile ambazo jibu lake linaweza kumfaa mtu mwingine pia. Nyingine nimezijibu kwa mkato kwa sababu nilishazijibu, na wenyewe mnajua. Ombi langu ni moja. Kabla ya kuniuliza Amosi alisema nini, msome Amosi. Ana sura tisa tu, unazimaliza kwa kikao kimoja.

Tupac Shakur aliimba kifo chake na kikatokea. Kwa nini hukubali kwamba alikuwa nabii?

Alipigwa risasi New York mwaka 1994 akapona, akaendelea kuishi katikati ya watu wenye bunduki na visasi, akauawa Las Vegas Septemba 1996. Kijana anayesema atapigwa risasi katika hali hiyo anaeleza anachokiona mbele ya macho yake. Tuendelee.

Shikamoo mwalimu. Ujana wetu tulicheza sana Rivers of Babylon ya Boney M. Sasa nimeambiwa ule ni unabii wa Yeremia. Ni kweli?

Marahaba. Si Yeremia wala si unabii. Ni Zaburi ya 137, maombolezo ya watu waliohamishwa kwa nguvu baada ya Yerusalemu kubomolewa na jeshi la Babeli mwanzoni mwa karne ya sita kabla ya Kristo. Wameketi kando ya mito, wametundika vinubi vyao mitini, na waliowateka wanawaambia: tuimbieni moja ya nyimbo za Sayuni. Fikiria dharau hiyo. Umechomewa mji, kisha aliyeuchoma anataka burudani. Mwishoni wimbo umeongezwa mstari wa kufungia Zaburi ya 19, ule unaoomba maneno ya kinywa na mawazo ya moyo yapate kibali.

Ambalo wengi hawalijui ni kwamba Boney M hawakuutunga. Uliimbwa kwanza na kundi la Jamaika, The Melodians, mwaka 1970, kazi ya Brent Dowe na Trevor McNaughton, na Wajamaika wengi waliusikia tena katika muziki wa filamu ya The Harder They Come ya mwaka 1972. Hao walikuwa na jambo la kusema. Kwa Rasta, wanaomwona Haile Selassie wa Ethiopia kuwa Mungu, Babeli ni dola, polisi, mahakama, shamba la miwa, kila kitu kilichomfunga mtu mweusi ugenini. Kwa hiyo The Melodians hawakuimba wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni. Waliimba wimbo wa Mfalme Alfa, yaani huyo Haile Selassie, na wakamtaja tena kwa jina la Far-I.

Mwaka 1978 mtayarishaji wa Ujerumani, Frank Farian, akauchukua. Mfalme Alfa akaondoka, akarudi Bwana. Far-I naye akafutwa, pakawekwa maneno ya kujaza nafasi kuhusu usiku wa leo. Uingereza wimbo ulikaa namba moja kwa wiki tano na nakala zikauzwa kupita milioni mbili. Waimbaji wawili wa kundi hilo, Liz Mitchell na Marcia Barrett, walikuwa wazaliwa wa Jamaika, kwa hiyo usiseme hawakujua walichokiimba. Mimi sina ugomvi na kuucheza. Ila nakwambia ulichokicheza ni mashitaka yaliyopunguzwa makali mara mbili: kwanza na aliyekata mistari ya mwisho ya zaburi yenyewe, ile ya kulipiza kisasi hadi kwa watoto wachanga ambayo hakuna bendi inayothubutu kuiimba, kisha na aliyemwondoa Mfalme Alfa.

Nostradamus alikuwa nabii wa Kiebrania? Nasikia asili yake ni Myahudi.

Babu zake walikuwa Wayahudi waliobatizwa, yeye alikuwa Mkatoliki, tabibu na mnajimu wa Ufaransa wa karne ya 16. Hayumo. Msiniletee tena.

Mchungaji wetu anasema muziki wa vyombo hauhusiani na unabii, manabii walikuwa watu wa kunyamaza na kufunga. Unasemaje?

Nasema mchungaji wako afungue Samweli wa Kwanza, sura ya 10. Samweli anamwambia Sauli kwamba atakutana na kundi la manabii wakishuka kilimani, mbele yao kinanda, tari, filimbi na kinubi, nao wanatabiri. Hiyo ni bendi, tena inatembea. Katika Wafalme wa Pili, sura ya 3, wafalme watatu wamekwama nyikani bila maji na wanamwendea Elisha. Anawatolea maneno makali, kisha anasema: nileteeni mpiga kinanda. Mpigaji anapopiga, ndipo ujumbe unakuja. Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 25, inawaorodhesha wana wa Asafu, Hemani na Yeduthuni ambao kazi yao ilikuwa kutabiri kwa vinubi, vinanda na matoazi.

Lakini bora kuliko hao wote ni Isaya, sura ya 5. Anaanza kama mwimbaji wa mapenzi: nitamwimbia mpenzi wangu wimbo wa shamba lake la mizabibu. Watu wanasogea kusikiliza, nani asiyependa wimbo wa mapenzi? Shamba liko mlimani penye rutuba, mawe yametolewa, mche ni wa daraja la kwanza, mnara umejengwa, shinikizo limechimbwa. Kisha zinatoka zabibu mwitu. Mwimbaji anawaomba wasikilizaji waamue kati ya mwenye shamba na shamba. Wamekwisha kunaswa. Mstari wa saba anawageuzia: shamba ni ninyi, alitazamia hukumu ya haki, akapata umwagaji damu. Na mstari wa nane hauzunguki tena, ole wao waongezao nyumba juu ya nyumba na shamba juu ya shamba, hata pasiwe na nafasi kwa mwingine. Ametumia wimbo wa kupendeza kuwafikisha wanyang'anyi wa ardhi mbele ya hakimu.

Tukiwa hapo hapo, wapenzi wa sifa na kuabudu wasiruke Amosi 5:23, ambako Mungu anaomba aondolewe kelele za nyimbo. Sababu iko mstari unaofuata: haki itiririke kama maji. Martin Luther King aliutumia mstari huo Washington tarehe 28 Agosti 1963, mbele ya umati, na mwimbaji wa injili Mahalia Jackson akiwa hapo hapo jukwaani. Siku hiyo muziki na unabii vilikuwa upande mmoja. Mara nyingi havipo. Ezekieli 33:32 anaambiwa ukweli mchungu kuliko yote: wewe kwao ni kama wimbo mzuri wa mtu mwenye sauti ya kupendeza, awezaye kupiga kinanda, wanasikia maneno yako, lakini hawayatendi. Kila nikiona umati umeinua simu juu kwenye tamasha, wimbo unazungumzia unyonge wao wenyewe nao wanarekodi, namkumbuka Ezekieli.

Kwa nini hutaji wanawake?

Kwa sababu hamwaulizi. Miriamu anaitwa nabii katika Kutoka 15, akiwa na tari mkononi na wanawake nyuma yake wakicheza. Debora ni nabii na mwamuzi, na Waamuzi 5 ni wimbo wake, ambao wasomi wengi wanauhesabu miongoni mwa mashairi ya kale kabisa katika Maandiko ya Kiebrania. Hulda ndiye aliyeulizwa na watu wa Mfalme Yosia kitabu cha torati kilipopatikana hekaluni, ingawa Yeremia alikuwa hai wakati huo.

Ni kweli Marcus Garvey alitabiri kutawazwa kwa Haile Selassie, na Zaburi 68:31 ilikuwa inamzungumzia? Na Bob Marley je, alikuwa nabii?

Hili ni maswali matatu, na kila mwaka linakuja. Safari hii nitalijibu kwa urefu, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Maneno mnayoyapenda, kwamba mtazame Afrika ambako mfalme mweusi atatawazwa, yamewekwa kinywani mwa Garvey, Mjamaika aliyeongoza harakati za watu weusi, kwa miaka mingi. Wanahistoria wamepekua maandishi yake na hawajayakuta kwa namna hiyo. Wengine humtaja mhubiri wa Marekani, James Morris Webb, ambaye alikuwa akifundisha habari ya mfalme mweusi ajaye katika miaka ya mwanzo ya 1920, wakati harakati za Garvey zimepamba moto. Linalojulikana vizuri zaidi ni kile Garvey alichoandika baadaye. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935, na mfalme akaondoka nchini mwaka 1936, Garvey alimshutumu vikali katika jarida lake mwenyewe, The Black Man, kwa kuikimbia nchi bila kuiandaa kwa vita. Mtabiri gani anamshambulia aliyemtabiri?

Zaburi 68:31 inasema Kushi, ambayo tafsiri nyingine huiita Ethiopia, itamnyoshea Mungu mikono. Watu weusi wa Marekani na Karibi waliushika mstari huo muda mrefu kabla ya mwaka 1930, makanisani na katika siasa, kama ahadi kwamba Afrika itainuka. Halafu tarehe 2 Novemba 1930, Tafari Makonnen anatawazwa Addis Ababa kwa jina la Haile Selassie, anaitwa Simba Mshindi wa Kabila la Yuda, cheo cha kale cha kiti cha Ethiopia kinachochota kwenye baraka za Yakobo katika Mwanzo 49. Ndani ya miaka michache wahubiri wa Kingston kama Leonard Howell wanatangaza kwamba huyu ndiye. Usiwacheke. Mtu aliyefundishwa shuleni kwamba Mungu, mfalme na kila mwenye cheo ni mweupe, anaona picha ya mfalme mweusi akiinamiwa na wajumbe wa Ulaya. Uamuzi wao ulikuwa na mantiki.

Tarehe 21 Aprili 1966 mfalme alitua Kingston. Umati ulivunja vizuizi ukaizunguka ndege, mvua imenyesha, moshi umetanda, na mgeni hakuweza kushuka hadi mzee wa Rasta, Mortimer Planno, alipopanda ngazi na kuwaomba watu wapishe. Rita Marley alisimulia kwamba aliona alama ya msumari kwenye kiganja cha mfalme alipowapungia watu. Mwenyewe Haile Selassie alikuwa Mkristo wa Kanisa la Orthodoksi maisha yake yote na alikana kuwa mungu. Alichofanya kilikuwa cha busara: kanisa lake lilimtuma kasisi, baadaye Abuna Yesehaq, kulijenga huko Jamaika. Yesehaq huyo ndiye aliyembatiza Bob Marley Novemba 1980, miezi michache kabla Marley hajafa tarehe 11 Mei 1981. Mashabiki wengi hawapendi kuisikia habari hii, na wenzangu wa kanisani wanapenda kuitumia kama ushindi. Wote wawili waache kumgombea marehemu.

Sasa, alikuwa nabii? Kama unamaanisha aliona yajayo, hapana. Kama unauliza alifanya kazi gani, sikiliza wimbo wa War wa mwaka 1976. Maneno yake karibu yote ni hotuba ya Haile Selassie kwenye Umoja wa Mataifa ya Oktoba 1963, kwamba hapatakuwa na amani maadamu kuna watu wa daraja la kwanza na la pili. Sikiliza Redemption Song ya 1980. Mstari wa kujikomboa na utumwa wa akili unatokana na hotuba ya Garvey ya mwaka 1937 huko Nova Scotia, na papo hapo anauliza manabii watauawa hadi lini sisi tukitazama. Marley alichukua mashitaka ya watu wawili waliogombana, Garvey na Selassie, akayafanya yaimbike duniani kote. Hiyo ndiyo kazi ninayoiona kwa Isaya.

Na mkitaka kuona tofauti kati ya kazi hiyo na ramli, tazameni mwaka huo huo wa 1977 Marley alipotoa Exodus. Kundi la Culture, likiongozwa na Joseph Hill, lilivuma na wimbo wa saba mbili zinazogongana, uliosimama juu ya utabiri ulionasibishwa na Garvey, huyo huyo tena. Tarehe 7 Julai 1977 ilipofika watu wengi Kingston walijifungia ndani. Hakuna kilichogongana. Wimbo ni mzuri sana, nausikiliza hadi leo, lakini tarehe ilipita kama tarehe nyingine.

Rafiki yangu ana programu inayotafuta majina ya wasanii katika Torati ya Kiebrania kwa kuruka herufi. Ameona jina la Michael Jackson na neno kifo. Je, si ajabu?

Si ajabu, ni hesabu. Kiebrania cha Torati huandikwa bila irabu, herufi ziko zaidi ya laki tatu, na programu inaruhusiwa kuruka herufi kumi, elfu moja au elfu kumi, mbele au nyuma. Ukiipa uhuru huo itakupatia unachotaka. Mwaka 1994 Waisraeli watatu walichapisha makala katika jarida la takwimu wakidai wameona majina ya marabi maarufu. Mwandishi wa habari wa Marekani, Michael Drosnin, akaifanya kuwa kitabu mwaka 1997, akidai kuuawa kwa Yitzhak Rabin kulikuwa kumeandikwa. Akawaambia wapinzani: mkiona kuuawa kwa waziri mkuu ndani ya riwaya ya Moby-Dick, nitawaamini. Mwanahisabati Brendan McKay wa Australia akaichukua riwaya hiyo ya nyangumi, akaonyesha "vifo" vya Indira Gandhi, Martin Luther King na hata Princess Diana. Mwaka 1999 jarida lile lile lililochapisha makala ya kwanza likachapisha majibu ya McKay na wenzake.

Mwambie rafiki yako asome maneno yaliyoandikwa kwa mpangilio ulioandikwa. Yanatosha kumkosesha usingizi.

Je, All Along the Watchtower ya Jimi Hendrix ina uhusiano na Mashahidi wa Yehova?

Hapana, ingawa "watchtower" ni mnara wa mlinzi, kama jina la jarida lao. Na ni ya Bob Dylan, Desemba 1967, Hendrix aliirekodi upya mwaka uliofuata akaifanya yake. Dylan alizaliwa Robert Zimmerman katika familia ya Kiyahudi na alikuwa anakijua kitabu. Soma Isaya 21: mlinzi anawekwa mnarani atangaze anachokiona, anakaa usiku na mchana, analia kama simba, kisha wanatokea wapanda farasi wawili wawili. Katika Isaya wanaleta habari: Babeli umeanguka. Dylan anawaonyesha wapanda farasi wanakaribia, upepo unaanza kuvuma, na wimbo unakatika. Hakuna habari. Wengi husema wimbo haueleweki. Ninaona ameusimamisha pale ambapo walio ndani ya ngome bado hawajui kinachokuja, na hapo ndipo penye hofu.

Aliyeniuliza kuhusu Leonard Cohen, mwimbaji wa Kanada, naye ajibiwe hapa. Albamu yake ya mwisho akiwa hai, You Want It Darker, ilitoka tarehe 21 Oktoba 2016, akafa tarehe 7 Novemba, na watu wakaanza mambo yao ya kutabiri kifo. Mzee alikuwa na miaka 82 na alikuwa mgonjwa. Kilicho na thamani ni kwamba katika wimbo unaoipa albamu jina anaimba "hineni", mimi hapa, akiwa na kwaya ya sinagogi aliyokulia Montreal. Ndilo jibu la Abrahamu alipoitwa amtoe mwanawe, na jibu la Isaya katika sura ya 6. Wahubiri wa vijana hupenda kuishia hapo, mimi hapa, nitume mimi, makofi. Endelea kusoma. Isaya anaambiwa aende kwa watu ambao watasikia na hawataelewa, naye anauliza hadi lini, na jibu ni hadi miji iwe magofu.

Danieli ni nabii mkubwa. Kwa nini Wayahudi hawamweki na manabii?

Katika mpangilio wao yuko kwenye sehemu ya tatu, iitwayo Maandiko, pamoja na Zaburi na Esta. Biblia za Wakristo ndizo zinazomweka na manabii. Ukijua hilo utaelewa kwa nini wapenda tarehe wanamng'ang'ania yeye na si Amosi: ana namba. William Miller wa Marekani alizihesabu siku 2,300 za Danieli 8:14, wafuasi wake wakafikia tarehe 22 Oktoba 1844 kuwa siku ya Kristo kurudi, wengine wakaacha mazao shambani. Jua likachomoza tarehe 23.

Kendrick Lamar amesema sisi ni Waisraeli na Kumbukumbu la Torati 28 ilitabiri biashara ya watumwa. Kwa nini walimu mnatuficha?

Hakuna aliyekuficha, sura hiyo iko katika kila Biblia. Isome yote, mistari 68.

Ni kweli kwamba katika albamu ya DAMN. ya mwaka 2017, iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 2018, Lamar anajiita Mwisraeli, na sauti ya binamu yake inasikika kwenye simu ikimsomea laana za Kumbukumbu. Mafundisho hayo hayakuanzia studio. Yanarudi kwa wahubiri weusi wa Marekani wa mwishoni mwa karne ya 19, kama William Saunders Crowdy, mtu aliyezaliwa utumwani.

Mstari unaotegemewa ni wa 68: mtarudishwa Misri kwa merikebu, na huko mtajiuza kwa adui zenu kuwa watumwa na wajakazi. Wanaishia hapo. Sentensi haijaisha. Inamalizia kwa kusema: wala hapana atakayewanunua. Hiyo ndiyo laana yenyewe, unashuka hadi sokoni na hata kama mtumwa hutakiwi. Waliovushwa Atlantiki walinunuliwa, kwa mikataba na risiti, na faida yake ikajenga miji. Tena mstari unasema Misri, si Virginia wala Brazili. Sura nzima imeandikwa kwa mtindo wa mikataba ya wafalme wa wakati ule, ambako mtawala anamtisha anayemtumikia kwa orodha ndefu ya laana. Ule wa Esarhadoni wa Ashuru wa mwaka 672 kabla ya Kristo una laana zinazofanana nazo sana.

Hata hivyo sitakubali mtu awadharau. Watu waliokuwa mashambani na minyororo walisikia habari za Musa na Farao wakasema hao ni sisi, wakamwita Harriet Tubman jina la Musa, na nyimbo zao zimeulea muziki wa karne nzima iliyofuata. Baadhi walikwenda mbali zaidi. Ben Carter wa Chicago, aliyejiita Ben Ammi, aliwapeleka wenzake Liberia mwaka 1967, kisha Israeli kuanzia 1969, wakakaa Dimona jangwani. Walikuwa na bendi nzuri ya soul, The Soul Messengers. Whitney Houston aliwatembelea mwaka 2003, mwaka ule ule waliopata ukaazi wa kudumu. Kuisoma hadithi ya mwingine kama yako ni haki ya kila aliyeonewa. Kudai kwamba mwenye hadithi ni tapeli na kumfundisha kijana wako amchukie Myahudi ni kitu kingine, na matawi fulani ya mafundisho haya yanafanya hivyo hivyo. Ukisikia somo linaanza na Kumbukumbu na linaishia na nani wa kuchukiwa, toka.

Ni nani Koreshi wa siku hizi? Nasikia ni rais wa Marekani.

Mnapenda sana swali hili wakati wa uchaguzi. Koreshi ni mfalme wa Uajemi aliyewaruhusu Wayahudi warudi kwao. Harry Truman aliposifiwa New York mwaka 1953 kwamba alisaidia kuzaliwa kwa Israeli, alijibu kwamba yeye ndiye Koreshi. Mwaka 2018 Benjamin Netanyahu alimlinganisha Donald Trump na Koreshi, na sarafu ya kumbukumbu yenye sura ya Trump na ya Koreshi ikauzwa. Koreshi wa kweli aliitwaa Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo, na Isaya 45 inamwita masihi wa Bwana, mgeni asiye wa taifa hilo. Lakini sura hiyo inarudia mara mbili kwamba Koreshi hakumjua aliyemwita. Anayejitangaza kuwa Koreshi amekwisha kosa sifa ya kwanza.

Na kuna aliyejipa jina lenyewe. Vernon Howell wa Texas, mpiga gitaa aliyetamani kuwa nyota wa roki, alijibadilisha jina kisheria mwaka 1990 akawa David Koresh, Daudi na Koreshi kwa pamoja. Aliwafundisha wafuasi wake maandiko kwa saa nyingi mfululizo, na aliwapigia muziki. Kuzingirwa kwa makazi yao karibu na Waco kulianza tarehe 28 Februari 1993 kwa mapambano yaliyoua maofisa wanne na wafuasi kadhaa, kukachukua siku 51. Usiku serikali iliwafungulia vipaza sauti, nyimbo za watawa wa Tibet na wimbo wa Nancy Sinatra wa mabuti, wasilale. Tarehe 19 Aprili moto ukateketeza watu 76, watoto wakiwemo. Serikali ililaumiwa, na kwa haki. Lakini wazazi walikuwa wamewaingiza watoto mle kwa sababu mtu mmoja aliwaambia jina lake limeandikwa.

Kucheza Jerusalema ni dhambi? Ni wimbo wa dini.

Si dhambi. Master KG na Nomcebo Zikode wa Afrika Kusini waliutoa mwishoni mwa 2019, kundi la wachezaji wa Angola likauchezea mwaka 2020, na dunia iliyofungiwa ndani kwa korona ikafuata. Maneno yake ya Kizulu ni sala: Yerusalemu ni nyumbani kwangu, unilinde, usiniache hapa. Mkichoka kucheza someni Isaya 65, mji mpya unavyoelezwa: watajenga nyumba na kukaa ndani yake, hawatajenga akakaa mwingine. Mpangaji yeyote anauelewa mstari huo bila mchungaji.

Mwalimu, mimi ni binti mwimbaji. Nabii mmoja ameniambia nyimbo zangu zitavuma dunia nzima ndani ya miaka miwili, ila nitoe fedha aniwekee mikono kwenye koo. Nitajuaje kama ni wa kweli?

Mwanangu, miaka miwili imenishtua, maana ndiyo ile ile ya Hanania. Yeremia 28: Yeremia anatembea na nira ya mti shingoni, akisema Babeli itatawala muda mrefu, watu wajiandae. Hanania anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, anasema ndani ya miaka miwili vyombo vitarudi na mateka watarudi. Anaitoa ile nira shingoni mwa mwenzake, anaivunja. Nafikiri watu walishangilia. Yeremia anajibu: Amina, Bwana na afanye hivyo. Halafu anaondoka zake. Baadaye anarudi na ujumbe kwamba nira ya mti itakuwa ya chuma. Hanania alikufa mwaka huo huo, na mateka hawakurudi katika miaka miwili.

Huyo hakuomba hata senti. Wako ameomba, kwa hiyo yuko chini ya Mika 3:11, manabii wanaotabiri kwa fedha. Amosi alipoambiwa na kuhani wa Betheli akatafute mkate wake kwa kutabiri kwingine, alijibu kwamba yeye si nabii wala mwana wa nabii, ni mfugaji na mtunza mikuyu. Chakula chake kilitoka kwenye mifugo.

Usimpe. Fedha hizo lipia studio, na kabla ya kuingia mtafute mtu anayejua muziki akusikilize bila kukuonea haya, akuambie kama unashika ufunguo.